Gari la Harrison, Picha za Godson

Ukitaka kumjua Harrison Mwanyalo usimtazame kanisani, wala ghalani kule Edmonton alikopakua mizigo kwa miaka kumi na tisa. Mtazame akinunua kitu. Tangu azaliwe hajawahi kukubali bei ya kwanza. Hata pete ya ndoa, aliyoinunua Voi kwa sonara, aliipata baada ya kutoka dukani mara mbili na kurudi mara moja na nusu. Ile nusu ni sonara aliyemfuata barabarani.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, alipoingia katika yadi ya magari mabovu nyuma ya Southall, hakutazama alichokijia. Alitazama kwanza matairi ya gari jingine, akapiga teke boneti la gari la tatu, akauliza bei ya betri asiyoihitaji. Mwenye yadi alikaa kwenye kiti cha plastiki akimwangalia, kikombe cha chai mkononi. Mansukh alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, mzaliwa wa Voi, ambaye babake aliuza vitambaa na mafuta ya taa karibu na stesheni. Alikuja London akiwa kijana, na Kiswahili chake kilibaki pale pale kilipokuwa siku aliyopanda ndege.

"Wewe nazunguka sana," Mansukh akasema. "Wewe nataka ile Mazda. Sema tu."

"Ipi? Ile iliyokunjika nyuma kama chapati?"

"Wewe nanunua nyuma? Kwa simu nasema nataka injini. Injini iko mbele."

"Na difu inayozungusha magurudumu ya nyuma iko wapi, Mzee Mansukh? Nayo iko mbele?"

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika. "Baba yako nani kule Voi?"

"Mwanyalo, wa reli."

"Aaa! Yule alikuwa nakopa sukari dukani kwa baba yangu."

"Alilipa?"

"Alilipa, kweli."

"Basi na mimi nitalipa. Lakini si hiyo bei uliyoniambia kwa simu."

Ilichukua saa moja na vikombe vitatu vya chai. Harrison alitoka na lile gari la viti viwili kwa chini ya theluthi mbili ya bei ya kwanza, pamoja na jeki ambayo Mansukh hakukumbuka kuitoa. Mzee akafungua kitabu chake cha risiti, akaandika kwa mkono namba ya chasisi, namba ya injini na jina: Harrison Mwanyalo.

"Hii karatasi weka vizuri," akasema. "Siku moja itauliza wewe."

Alilinunua gari lile ili alichinje. Kwa wasioujua mchezo huu: yapo makarakana Uingereza yanayouza gari la michezo likiwa vipande ndani ya masanduku, yaani chasisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi na kitabu cha maelezo. Kinachobaki unakitafuta mwenyewe. Unanunua gari la kawaida lililogongwa, unalitoa injini, giaboksi, difu, breki na usukani, unavipandikiza katika mwili mpya. Serikali inakuja kulikagua. Likipita, linapewa namba na linaingia barabarani kama gari lingine lolote.

Watu walipomuuliza kwa nini anajitia katika kazi hiyo, Harrison aliwajibu kibiashara: likikamilika ataliuza kwa faida. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kabla ya kuja London alifanya kazi Changamwe, katika karakana ya kuunda bodi za mabasi. Mabasi arobaini na kitu yalipita chini ya mashine yake ya kulehemu, na kila moja lilitoka getini likiwa na jina la tajiri ubavuni na aya ya Biblia kisogoni. Jina la fundi halikuandikwa popote, hata kwa chaki. Sasa, katika fomu za ukaguzi za Uingereza, kulikuwa na mstari mmoja uliouliza ni nani aliyelijenga gari hili kwa mikono yake. Harrison alipousoma mara ya kwanza alivua miwani, akaifuta kwa shati, akausoma tena. Alilotaka ni jina lake kwenye mstari ule. Faida ingekuja baadaye.

Hilo alimwambia mtu mmoja tu, mkewe Emma, usiku wa kuamkia siku ambayo lori lilileta masanduku. Emma alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache na miguu iliyochoka. Alicheka kidogo akasema, "Kwa hiyo nimeletewa mke mwenza."

Tangu siku hiyo, kila akitoka zamu, alipita kwenye gereji nyuma ya nyumba na kuuliza, "Mke mwenza ameamkaje?"

Sasa mtie Godson katika hadithi. Godson alikuwa ndugu mdogo wa Emma, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mfanyakazi wa ofisi ya nyumba katika baraza fulani la mji. Alipokuja London kusoma alikaa kwa dada yake miaka mitano, akilala chumba cha mbele na kula bila kuulizwa. Harrison hakuwahi kulitaja jambo hilo. Godson naye alilipa kwa njia yake: ndiye aliyekuwa mtu wa makaratasi. Katika kila familia ya watu wetu hapa London yupo mmoja wa namna hiyo, ambaye Kiingereza chake ni cha fomu. Uraia alijaza Godson. Mkopo wa nyumba, Godson. Maombi ya chuo ya Wakesho, binti yao aliye Leeds, Godson. Harrison alikiongea Kiingereza cha ghalani bila taabu, lakini akiona kurasa kumi na mbili zenye visanduku vya kutia alama, jasho lilimtoka.

"Shemeji, wewe shika spana, mimi nishike kalamu," Godson alimwambia. "Na kitu kimoja muhimu: wakaguzi wanataka picha. Kila hatua, tangu mwanzo. Bila picha watasema umelinunua likiwa tayari."

Basi kila Jumapili baada ya ibada, Godson alifika gerejini akiwa na simu nzuri na ovaroli mpya ya buluu ambayo haikuwahi kuonja grisi.

"Shemeji, nipige moja nikishika hii."

"Hiyo ni jeki."

"Basi nipige nikishika jeki."

Harrison alipangusa mikono, akaipokea simu, akampiga. Godson ameinamia injini. Godson amelala chini ya chasisi, viatu vya kanisani vimechomoza. Godson anasoma kitabu cha maelezo kwa uso wa daktari. "Inua kidevu kidogo," Harrison alimwambia siku moja injini ilipokuwa ikining'inia kwenye mnyororo. "Hapo sasa. Unaonekana kama unajua."

"Si najua!"

"Hiyo iliyo mbele yako inaitwaje?"

"Ni... hii ni mambo ya mafuta, shemeji. Piga bwana."

Wakacheka wote wawili. Harrison hakuona ubaya wowote, na nani angeuona? Hakuna mtu wetu aliyefika nchi hii asiyewahi kuegemea gari la mwenzake akapigwa picha ya kupeleka nyumbani. Yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alijiegemeza kwenye gari jekundu la daktari wa mtaa wa pili, na picha ile ilining'inia sebuleni kwa mamake mpaka mama alipofariki. Hakuna aliyeuliza funguo.

Kazi ilikwenda miaka mitatu. Nitataja kipande kimoja tu, kile cha waya, kwa sababu ndicho kilichokaribia kumshinda. Mazda iliyochinjwa ilitoa fungu la nyaya nene kama paja la mtu, na nusu yake haikuhitajika. Harrison alizitenga moja moja, majira yote ya baridi, hita ya mafuta ikimuunguza mgongo na vidole vikifa ganzi. Kila waya aliufunga kijikaratasi cha gundi na kuuandika kwa Kiswahili: taa ya kushoto, honi, pampu ya mafuta, wipa. Waya mmoja uliompiga shoti mara mbili aliuandika kwa herufi kubwa: HII USIGUSE. Siku alipogeuza ufunguo na injini ikanguruma, majirani walifungua madirisha. Emma alitoka na aproni, akasimama mlangoni, akapiga makofi mara tatu. Godson hakuwepo. Alikuja Jumapili iliyofuata akapigwa picha akigeuza ufunguo.

Ukaguzi wa kwanza gari lilianguka kwa mambo madogo: kingo za dashibodi zilikuwa kali, na kioo kimoja cha pembeni kilikaa vibaya. Harrison alipiga tupa wiki tatu. Mara ya pili ilikuwa Juni mwaka jana, siku ya Jumanne. Walilipeleka gari kwa trela ya kukodi, Harrison akiwa na ovaroli yake yenye madoa, Godson na koti la suti na faili jeusi kwapani.

"Mimi ndiye nitaongea nao," Godson alisema kwenye maegesho. "Wewe ukiulizwa unajibu kwa mkato, wanadhani una kiburi."

"Mimi nina kiburi?"

"Huna, shemeji. Lakini uso wako unacho."

Harrison akabaki nje na trela. Kupitia kioo aliona Godson akiegemea kaunta, akitabasamu, akisaini. Aliona mkaguzi akifungua faili, akimwangalia Godson, akiangalia picha, akimwangalia Godson tena. Akasema moyoni, huyu kijana ana manufaa kweli. Saa nne baadaye gari likapita. Walikumbatiana pale nje kama watoto. Godson akatia cheti ndani ya faili.

"Ya namba niachie mimi," akasema.

Wiki mbili zikapita. Harrison alikuwa mapumzikoni ghalani, anakula wali wake kwenye kontena, simu ikalia. Ni Mansukh.

"Harrison, wewe meuza hii gari?"

"Gari gani? Bado halina hata namba."

"Basi kwa nini shemeji yako nakuja hapa leo, nataka risiti mpya ya Mazda? Nasema ile ya zamani mepotea, andika tena, lakini andika jina yake."

Harrison akaweka kijiko chini. "Jina la nani?"

"Yake. Godson. Mimi naambia yeye kitabu ya risiti mekulwa na panya. Yeye nauliza panya gani Southall nakula karatasi. Mimi nasema panya ya Voi. Mimi hapana cheka, Harrison. Naambia wewe tu."

Alimaliza zamu yake. Hakuomba ruhusa, kwa sababu saa mbili za mshahara ni saa mbili za mshahara. Lakini alipakia magodoro kumi na sita kwenye lori lisilo lake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Nyumbani alimkuta Emma jikoni akimenya viazi.

"Liko wapi lile faili?" akamuuliza.

Emma hakuuliza faili gani. Mke wake aliweka kisu chini, akanawa mikono taratibu kupita kiasi, akapanda ghorofani, akashuka nalo. Lilikuwa limekunjwa ndani ya shuka la wageni.

Akalifungua juu ya meza ya jikoni, kando ya maganda ya viazi. Picha zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa tarehe, safi. Godson na chasisi. Godson na difu. Godson na injini. Harrison alijitafuta kurasa zote kwa utulivu wa mtu anayekagua gari la kununua, na akajipata mara moja: kivuli kwenye sakafu ya gereji, kichwa na viwiko viwili vilivyoinuliwa kushika simu. Nyuma kabisa ilikuwapo fomu ya tamko. Kwenye ule mstari, kwa wino mweusi na herufi nzuri za ofisini, lilikuwa jina la Godson. Cheti nacho vilevile.

"Ulijua," akasema.

"Baba Wakesho..."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Hii iliyopita?"

Emma akatazama viazi. "Ya mwaka juzi."

Kisha akaeleza, na alipoanza hakuweza kuacha. Godson anataka kiti cha mwakilishi wa wadi kule nyumbani, kwenye uchaguzi wa mwaka elfu mbili ishirini na saba. Picha alizokuwa akizituma zilimfika mama yao, mama akazionyesha kanisani, mchungaji akamwombea injinia mimbarini. Hapo Godson akaona njia. Sasa kule wanamwita Mjenzi. Ametengeneza kalenda. Emma akamwonyesha kwenye simu: Godson amesimama kando ya injini inayoning'inia, kidevu juu, na chini yake maandishi makubwa, ALIYEUNDA GARI LONDON ATASHINDWA NA BARABARA YETU?

Harrison aliitambua picha. Kidevu kile alikiinua yeye.

"Mama yangu ana miaka themanini na moja," Emma akasema. "Hajawahi kuwa na furaha namna ile. Ningemwambiaje?"

"Sikuulizi ungemwambiaje mama. Mimi ungeniambia lini?"

"Baada ya kura."

Harrison alihesabu kwa vidole, kwa kweli akahesabu, miezi iliyobaki hadi Agosti ya mwaka ule.

"Muachie jina tu," Emma akasema kwa sauti ya chini. "Gari si litabaki hapa hapa? Utaliuza, utapata faida yako. Wewe ni mtu wa kupatana. Patana na hili."

"Nilikuambia nilichotaka. Wewe peke yako."

Emma alichukua kisu akaendelea kumenya.

Jumapili Godson alikuja, safari hii bila ovaroli. Emma alikuwa amekwisha kumpigia. Alisimama gerejini akalipapasa gari kwenye boneti, jekundu, linang'aa, likingoja namba tu.

"Shemeji, usilichukulie vibaya. Ni jina tu kwenye karatasi."

"Kama ni jina tu, rudi uandike langu."

"Nitaonekana nimedanganya serikali. Kazi yangu itakwenda. Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nilitaka usidanganye serikali."

"Na mama je? Mama atakufa kwa aibu."

"Kwa hiyo mama mkwe akifa nimemuua mimi."

"Si hivyo!" Godson akakuna kichwa. "Sikiliza. Wewe nakujua miaka yote hii. Hujawahi kutaka makuu. Hata harambee unatoa pesa hutaki kutajwa. Sasa jina hili ungelifanyia nini wewe? Nani angekupigia makofi ghalani? Mimi nikishinda, barabara itapita mpaka kwenu. Nitakukumbuka, shemeji."

Harrison alimwangalia kijana aliyemlisha miaka mitano. Ajabu ni kwamba hakuona hila usoni pake. Godson aliamini anachosema. Kwake, mtu aliyeshika spana na ile spana yenyewe vilikuwa kitu kimoja: unavishukuru, unavirudisha kwenye sanduku.

"Ulikwenda kwa Mansukh," Harrison akasema.

Godson akauondoa mkono kwenye boneti. "Bila risiti ya Mazda na logbook, ile karatasi yake ya usajili, watalipatia gari namba ya magari yasiyojulikana asili yake. Nitaonyeshaje kitu kama hicho nyumbani? Na karatasi hizo unazo wewe. Nipe tu, tumalize. Jumamosi ijayo anakuja Ian, yule wa televisheni ya mtandaoni ya diaspora. Ananirekodi hapa hapa, na gari."

Harrison alipima jambo lote kama anavyopima mzigo. Cheti kina jina la Godson, risiti na logbook anazo yeye. Angeweza kuandika barua kwa wakubwa wa ukaguzi. Lakini barua hiyo ingemtoa Godson kazini, ikamtoa Emma nyumbani, na bado kungekuwa na kesi na mahojiano ya Kiingereza cha fomu, naye mtu wa kumjazia hana tena. Kila upande aliougeuza ulikuwa na hasara, na hasara kubwa ilikwisha kuingia jikoni, kando ya viazi.

"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano asubuhi." Uso wa Godson ukachanua. "Nilijua utaelewa, shemeji. Nilimwambia dada, yule ni mtu wa kuelewa."

Harrison akachukua likizo ya wiki nzima. Jumatatu akaingia gerejini akaanza mwisho wa kitabu cha maelezo, akirudi mwanzo. Vioo vya pembeni. Viti. Dashibodi yenye kingo alizozipiga tupa wiki tatu. Hakurarua wala hakuvunja kitu. Kila nati iliingia kwenye mkebe wake, kila mkebe ukaandikwa. Jumatano bodi ilikuwa ukutani, Alhamisi injini ilikuwa tena kwenye mnyororo. Hapo Emma akaja mlangoni na sare yake ya kazi.

"Unafanya nini, Baba Wakesho?"

"Nalirudisha."

"Unalirudisha wapi?"

"Lilikotoka."

Harrison alingoja aulize jambo moja, lolote, hata kama mgongo unamuuma. Emma akatazama saa akasema amechelewa zamu.

Jumamosi Godson akafika saa tano kasorobo, ovaroli ya buluu imepigwa pasi. Nyuma yake alikuja Ian, kijana mchangamfu mwenye kamera na kinasa sauti chenye manyoya. Harrison akainua mlango wa gereji.

Sakafu nzima ilikuwa imepangwa kama duka la vipuri. Chasisi juu ya vigogo, bodi ukutani, mikebe sitini na tatu kwenye rafu, nyaya zimelazwa juu ya turubai na vijikaratasi vyao.

"Shemeji," Godson akasema. "Gari liko wapi?"

"Hilo hapo. Lote. Hakuna hata nati iliyopotea."

"Umefanya nini?"

Harrison akamtia mkononi spana namba kumi na tatu. "Fomu inasema mjenzi ni wewe. Jenga. Leo nitasimama hapa hapa nilipokuwa nikisimama, nikupige picha."

Ian alidhani ni sehemu ya kipindi. "Safi kabisa, Injinia! Hii ni bora kuliko gari zima. Tuanze na kitu chepesi." Akaokota mota ndogo kutoka kwenye turubai. "Hiki kwa mfano, waeleze watazamaji. Ni nini?"

Godson akakigeuza. Jasho lilimtoka. "Hii... hii ni mambo ya breki."

Kijikaratasi kilikuwa bado kinaning'inia kwenye waya wake. Ian akainama akakisoma kimya: *wipa*. Akamtazama Godson, akamtazama Harrison na mikono yake, kisha akashusha kamera.

"Injinia," akasema kwa upole, "nizime?"

Godson aliiweka mota chini kama kitu cha moto. "Umeniua," akamwambia Harrison kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu. Mimi ni ndugu ya mke wako."

"Najua wewe ni nani. Nilikuwa nikikupiga picha."

Kalenda, kwa taarifa yako, zingali zinatundikwa kule nyumbani. Ian hakutangaza lolote, na hakuna aliyemwomba. Mama mkwe aliambiwa gari liliharibiwa kwa wivu; Harrison alilisikia hilo kwa masikio yake, Emma akiwa kwenye simu chumba cha mbele, wala Emma hakulisahihisha. Alipokata simu alikuja jikoni akasema neno moja tu kuhusu mambo yote yale.

"Ungeweza kungoja."

Wanaishi nyumba moja bado. Wanakula, wanalipa bili, wanaulizana zamu. Lakini akitoka kazini Emma hapiti tena gerejini, na yule mke mwenza hakuuliziwa tena ameamkaje.

Mwezi wa Septemba Harrison alikodi gari la mizigo, akapeleka injini, giaboksi na difu Southall. Chasisi na bodi zilikuwa zimekwisha kununuliwa na mtu wa Kent. Mansukh alitoka na kikombe chake, akazunguka injini mara mbili, akapiga chafya, akasikitika kwa sauti, akafanya yote anayoyafanya mnunuzi anayejua kazi.

"Iko nzee hii," akasema. "Mia tatu."

"Sawa," Harrison akasema.

Mansukh akateremsha kikombe. "Sawa nini?"

"Mia tatu. Sawa."

"Harrison, mimi naanza tu. Sasa wewe nasema mia tisa, mimi naondoka, wewe nanifuata."

"Nimesema sawa, Mzee Mansukh. Andika risiti."

Mzee hakuandika. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, akaanza kupatana peke yake, kwa hasira, mia nne, mia tano, injini hii mtu mesafisha kama sahani, mia sita hamsini na hakuna zaidi, mkono wake ukipita juu ya nyaya zilizobaki zimefungwa kwenye injini. Akashika kijikaratasi kimoja, akakisogeza mbali na macho ili akisome.

"Hii usiguse," akasoma. Akakiachia. "Jina nani naandika kwa risiti?"

Harrison alikuwa amekwisha kugeuka, anateremsha difu peke yake kutoka garini, ijapokuwa ni nzito na mzee alikuwa na vijana wawili wa kumsaidia.

"Kama ile ya kwanza," akasema.